UZI: Kuigeuza Autococker ya nusu otomatiki kuwa ya pampu (na kwa nini Spyder si ya kuichezea hivyo)

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Swali hili linajirudia sana kwa wapenzi wa pentiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi, hasa sisi tulio huku Marekani tunaonunua bunduki za mtumba mtandaoni: bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayojikoki (inayojiandaa kufyatua) yenyewe, inaweza kugeuzwa ikawa ya pampu? Majibu yametawanyika, mengine ni ya kukisia, na mengine yatamharibia mtu bunduki. Naandika ninachokijua kwa mikono yangu. Mwenye swali aulize, na anayeona nimekosea mahali anisahihishe.

Jibu fupi: inawezekana, ila inategemea una bunduki gani. Kama una Autococker, kazi inaisha jioni moja na unaweza kuirudisha ilivyokuwa siku yoyote. Kama una Spyder, Tippmann 98 au nyingine yoyote inayojikoki kwa teke la gesi, soma kwanza majibu ya chini kabla hujashika bisibisi.

Kwa wageni wa mambo haya: bunduki ya pampu haijikoki. Unavuta mpini nyuma, komeo linafunguka, kidonge cha rangi kinadondoka kutoka kwenye hopa, chombo cha vidonge kilicho juu. Unausukuma mpini mbele, komeo linakisukuma kidonge hadi mwanzo wa mtutu na kufunga. Ndipo unavuta triga. Pampu moja, kidonge kimoja. Ukitaka cha pili, pampu tena.

Na huko ndiko mchezo ulikoanzia. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, wachezaji 12 msituni, kila mtu na Nelspot 007, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kuwekea alama miti na ng'ombe. Kilikokiwa kwa mkono, kikatumia kitungi kidogo cha CO2 cha gramu 12. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Miaka iliyofuata watu wakaongeza mpini wa pampu chini ya mtutu ili kukoki kuwe kwepesi, na karibu muongo mzima wa 1980 pampu ndiyo ilikuwa bunduki ya kila mtu, hata mashindanoni.

Sasa kwa nini Autococker? Kwa sababu ilizaliwa pampu. Bud Orr wa Worr Game Products, California, alikuwa na bunduki ya pampu iitwayo Sniper. Wakati nusu otomatiki zilipoanza kuingia viwanjani, hakubuni mashine mpya kabisa. Aliichukua Sniper akaifungia mbele mfumo wa hewa unaofanya kazi ile ile ya mkono wako: pistoni ndogo inayovuta bloku ya nyuma (kipande kinachobeba komeo) na kuirudisha, vali ya njia tatu inayoiambia pistoni ivute au isukume, na regyuleta ndogo inayopunguza presha kabla haijafika kwenye pistoni. Triga ikaunganishwa na vali hiyo kwa kiwaya. Nusu ya kwanza ya mvuto inaachia nyundo, kichuma kinachoipiga vali itoe gesi, na kidonge kinatoka. Ukiendelea kuvuta, pistoni inarudisha bloku nyuma na kukoki. Ukiachia, komeo linafunga. Ndiyo sababu triga ya Autococker ni ndefu, na ukiiachia kabla ya wakati inameza kidonge vibaya.

Kwa hiyo ukiondoa ule mfumo wa mbele na kuweka mpini, unairudisha kwenye umbo lake la mwanzo. Mwili, vali, nyundo, komeo, vyote vilishafanya kazi hiyo kabla.

Kazi yenyewe iko hivi.

Toa mtungi wa gesi. Elekeza mtutu chini na ufyatue mpaka usikie hakuna kitu kilichobaki ndani. Hili si la kuruka: CO2 ikiwa kwenye joto la kawaida inakaa karibu psi 850 (psi ni kipimo cha presha), na mtungi wa hewa unajazwa psi 3000 au 4500. Skrubu iliyobanwa na presha hiyo ikikuponyoka inaenda usoni. Vaa barakoa hata ukiwa mezani.

Halafu fungua mipira midogo ya hewa, regyuleta ndogo, vali ya njia tatu na pistoni. Mhimili wa pistoni umepita kwenye tundu la mwili mpaka nyuma na umefungwa kwa meno kwenye bloku ya nyuma, ufungue taratibu. Kiwaya cha triga nacho kinatoka. Vyote hivi viweke kwenye kopo moja na usitupe hata oringi, zile pete za mpira za kuzuia mvujo. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi wa Autococker atauliza mfumo wake wa mbele uko wapi.

Hapa sasa ndipo wengi wanapokwama. Bloku ya mbele imeshikwa na skrubu iliyo wazi katikati, na gesi ilikuwa ikipita humo kutoka kwenye chumba cha vali kwenda kwenye regyuleta ndogo. Ukishaitoa regyuleta, umeacha mlango wazi. Lazima uweke kizibo chenye oringi au skrubu isiyo na tundu. Mtu akisahau hilo, anafunga mtungi, bunduki inapiga mluzi kwa mbele, anaanza kufungua vali nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kisha funga seti ya pampu: rodi inayopita mahali pa mhimili wa pistoni na kuingia kwenye bloku ya nyuma, rodi ya kuongozea chini ya mtutu, na mpini wenyewe. Chipley Custom Machine, wengi wanawaita CCM, ndio wanaojulikana zaidi kwa seti hizi, na Palmers Pursuit Shop wa California wamekuwa kwenye kazi za Autococker tangu zamani. Kabla ya kununua, hakikisha meno ya rodi yanalingana na ya bloku yako, maana matoleo ya Autococker hayafanani. Kwenye meno weka tone la gundi ya skrubu ya buluu, kamwe si nyekundu, kwani nyekundu utahitaji moto kuifungua.

Sasa toa nyundo na springi kuu inayoisukuma, na kabla hujavirudisha fanya jaribio hili. Ukiwa na komeo na mpini tu ndani, inua bunduki mtutu ukielekea juu, kisha uugeuze uelekee chini. Mpini uteleze wenyewe, kwa uzito wake, mwanzo hadi mwisho. Ukikwama mahali hata kidogo, rodi imekaa upande au bloku haijanyooka. Legeza, sogeza, jaribu tena. Usisonge mbele mpaka uteleze. Mkwamo mdogo usiousikia mezani utausikia uwanjani ukiwa umelala kifudifudi na mkono umechoka.

Nitaendelea na marekebisho ya nyundo na presha kwenye jibu linalofuata, maana hapo ndipo pampu nzuri inapotengana na pampu ya hivi hivi.

#2 · Mchangiaji, Ohio

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi nina Spyder imekaa kabatini, iko safi. Nimeona video jamaa anatoa oringi ya nyundo, basi bunduki haijikoki tena, halafu anaikoki kwa mkono kila mara. Si ndiyo pampu hiyo hiyo kwa bei ya bure?

#3 · Mwanzisha uzi

Hapana, kaka. Nakuomba usifanye hivyo.

Spyder ina nyundo chini na komeo juu, vimeunganishwa kwa pini. Nyundo ikiipiga vali, gesi inatoka pande mbili: nyingine inaenda mbele kusukuma kidonge, nyingine inarudi nyuma kuipiga teke nyundo mpaka inaswe na sia, yaani kile kichuma kinachoishikilia mpaka uvute triga. Oringi ya nyundo inazuia gesi ile ya nyuma isivuje pembeni. Ukiitoa, teke linadhoofika. Lakini kudhoofika si kuisha.

Sasa fikiria teke dhaifu. Nyundo inarudi nyuma kiasi, haifiki kwenye sia, springi inairudisha mbele, inaipiga vali tena. Inarudi kidogo, inapiga tena. Umevuta triga mara moja na bunduki inatapika vidonge mfululizo bila wewe kuizuia. Ni jambo lile lile linalotokea mtungi unapokaribia kuisha au oringi inapochakaa, na kila aliyekodi bunduki za aina hii amewahi kulisikia. Wewe unataka kulitengeneza kwa makusudi. Refa yeyote makini atakutoa uwanjani, na atakuwa na haki.

Ukitaka kuigeuza kweli, lazima uizibe kabisa ile njia ya gesi ya nyuma kwenye vali, ndipo uunganishe nyundo na mpini kwa mkono wa chuma unaopita kwenye upenyo wa mwili. Ni kazi ya mashine ya kukerezea. Wako mafundi walioifanya vizuri, ila ukihesabu muda na vifaa, bora ununue pampu iliyo tayari.

#4 · Mchangiaji, Texas

Nami naongezea hapo hapo. Kama mtu hana Autococker tayari, kwa nini ahangaike? CCI Phantom ipo, ni pampu tangu kuzaliwa, ina vipande vichache, unaifungua kwa mikono na kuisafisha pembeni ya uwanja. Vali yake ni ya ukoo wa Nelson, ile ile ya zamani ya Nelspot, na inakunywa gesi kidogo sana. Mimi natumia kitungi cha gramu 12 na mchezo unaisha gesi bado ipo.

Kugeuza Autococker ni kwa mtu anayependa kuchokonoa vyuma. Kwa anayetaka kucheza tu, Phantom.

#5 · Mwanzisha uzi

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa. Phantom ni bunduki ya heshima na kwa anayeanza ningemshauri aitazame kabla ya kitu kingine. Ninapotofautiana nawe ni kwamba Autococker iliyogeuzwa inatumia mitutu ya Autococker, na hiyo mitutu imejaa sokoni, ya kila kipenyo. Kwenye pampu hilo ni jambo kubwa, nitaeleza kwa nini.

Pampu ya namna hii inafunga komeo kabla hujafyatua. Kidonge kimekaa mwanzo wa mtutu wakati wewe unakimbia, unainama, unapiga magoti. Kama mtutu ni mpana kuliko kidonge, kinabiringika kinatoka mbele, na ukifyatua inatoka hewa tupu. Vidonge vya inchi 0.68 huitwa hivyo kwa jina, lakini kipenyo chake halisi hubadilika kwa toleo, kwa joto na kwa unyevu. Nunua mtutu wenye mirija ya ndani ya kubadilisha, au kuwa na mitutu miwili ya vipenyo tofauti. Asubuhi ya mchezo chukua kidonge, kitie nyuma ya mtutu ulioutoa. Kikidondoka chenyewe upande wa pili, mtutu ni mpana. Kikikwama ukapuliza kwa nguvu hakiendi, ni mwembamba. Kinatakiwa kisimame pale, halafu ukipuliza kitoke.

Watu wamebishana miaka mingi kwamba bunduki inayofunga komeo kabla ni sahihi zaidi kuliko inayofunga wakati wa kufyatua. Maoni yangu ni kwamba ulingano wa kidonge na mtutu, na kasi isiyoyumba, vinaamua zaidi kuliko komeo. Ukivipata hivyo viwili, pampu yako itapiga pale unapoielekeza.

Sasa lile nililoahidi.

Nyundo ina lagi, skrubu fupi inayojitokeza chini yake, na sia huishika nyundo kwa hiyo lagi. Ikijitokeza kidogo mno, sia haiikamati: unapampu, nyundo inarudi mbele na mpini. Ikijitokeza mno, sia inaishika lakini triga haiwezi kuiachia. Izungushe kwa ufunguo wa aleni robo mzunguko kwa robo mzunguko, hakuna haraka. Halafu kuna rodi ya kukokia, ile inayotoka nyuma ya bloku na kuingia kwenye nyundo. Urefu wake ndio unaoamua nyundo inavutwa mpaka wapi. Unatakiwa usikie sia ikibofya muda mfupi kabla mpini haujafika mwisho wa safari yake. Ikibofya mapema mno, unaikandamiza springi bure kila unapopampu. Isipobofya kabisa, rodi inatakiwa ikamate mapema zaidi.

Na sasa triga. Kwa kuwa haifanyi tena kazi ya kuendesha pistoni, haihitaji ule mvuto mrefu. Kinachobaki ni kuachia sia tu. Rekebisha skrubu ya kizuizi ili ifupishwe, lakini acha nafasi ya kutosha sia kurudi mahali pake. Baada ya hapo koki bunduki ikiwa haina gesi wala vidonge, igonge kwa kiganja pembeni na nyuma. Nyundo ikianguka, umeifupisha kupita kiasi.

#6 · Mchangiaji, Minnesota

Samahani mkuu, mimi naona mnarudi nyuma. Watu wana mashine za umeme zinazotupa vidonge kumi kwa sekunde, na ligi ndizo zinaziwekea ukomo, la sivyo zingetupa zaidi. Wewe unaingia na mpini wa kuvuta. Si unakwenda kupigwa tu?

#7 · Mwanzisha uzi

Swali la haki. Ndiyo, kwenye uwanja mdogo wenye vizuizi vya maputo ya hewa, mtu mwenye pampu dhidi ya timu ya mashine za umeme atapata shida, hilo siwezi kulipinga. Lakini wengi wetu hatuchezi ligi. Tunacheza msituni Jumamosi na marafiki, na boksi la vidonge 2000 ndilo linalokula pesa, wala si kiingilio. Mwenye mashine ya umeme anamaliza hopa ya vidonge 200 akiwa anafyatulia mti ambao anadhani kuna mtu nyuma yake. Mwenye pampu hafyatui mpaka aone.

Na hicho ndicho kinachonifanya niipende. Pampu inakulazimisha usogee. Huwezi kumbana mtu kwa wingi wa vidonge, kwa hiyo unatafuta pembe, unamsikiliza anapojaza hopa, unasubiri atoe kiwiko. Mnaelewana zaidi na mwenzako wa timu kwa sababu mmoja akipampu mwingine lazima amfunike. Baada ya msimu wa pampu, ukirudi kwenye nusu otomatiki utaona umebadilika, unatumia vidonge vichache na unapiga watu wengi zaidi. Nimeyaona hayo kwa karibu kila niliyemwona akibadilisha.

Kama hujawahi kucheza mchezo ambao kila mtu ana pampu, tafuta siku moja. Kuna mtindo wanauita stock class: pampu, kitungi cha gramu 12, na vidonge kama 10 kwenye bomba lililolala sambamba na mtutu, hakuna hopa. Kila kidonge lazima uinamishe bunduki kidogo kishuke. Uwanja unakuwa kimya kiasi kwamba unasikia majani yanakanyagwa.

#8 · Mchangiaji, Nairobi

Habari za huko. Mimi ni dada nachezea hapa Nairobi, bunduki ni za kukodi kiwanjani, Tippmann 98. Nimesoma uzi wote na nimependa sana wazo la pampu, lakini siwezi kufungua bunduki ya mwenyewe. Kuna njia ya kupata ladha yake bila kugeuza? Na nikiamua kuagiza Autococker kutoka nje, nianzie wapi?

#9 · Mwanzisha uzi

Karibu sana dada. Kweli, bunduki ya kukodi usiiguse ndani, hata kama ni skrubu moja. Mwenye kiwanja ndiye anayebeba lawama ikimuumiza mtu.

Lakini ladha unaweza kuipata. Kubaliana na kikundi chako mcheze raundi moja kila mtu akiwa na vidonge 10 tu kwenye hopa, na sharti kwamba ukifyatua, hufyatui tena mpaka utoe mkono wa kushoto kwenye bunduki, uguse bega lako, uurudishe. Muda huo unakaribia sana muda wa kupampu. Mwenye kiwanja akiona mnatumia vidonge vichache anaweza kulalamika kidogo, mwambieni mapema. Utashangaa mchezo unavyobadilika.

Kuhusu kuagiza, usilipie kitu chochote chenye umbo la bunduki kabla hujauliza forodha na ofisi inayosimamia leseni za silaha hapo kwenu, tena upate jibu kwa maandishi. Muulize pia mwenye kiwanja yeye aliziingiza kwa utaratibu gani. Ameshapita njia hiyo. Mzigo ukikwama bandarini au uwanja wa ndege, gharama ya kuuhifadhi inaweza kuzidi bei ya bunduki.

Na chochote utakachonunua, barakoa kwanza. Iwe na alama ya ASTM F1776, kiwango cha usalama cha barakoa za pentiboli, isiwe miwani ya fundi wa kuchomelea wala ya pikipiki. Kidonge kinachotoka kwa futi 280 kwa sekunde, yaani karibu mita 85, kinapofua jicho kwa mara moja tu.

#10 · Mchangiaji, Ohio

Mkuu nimekusikia, Spyder nimeiacha ilivyo. Nimepata Autococker ya mtumba, seti ya pampu imefika, nimefunga kama ulivyosema. Mpini unateleza vizuri kabisa. Matatizo mawili. La kwanza, nikifunga mtungi hewa inavuja kupitia mtutu. La pili, kasi inaruka: mara futi 240 kwa sekunde, mara 290, mara 265. Nimebadilisha vidonge, bado.

#11 · Mwanzisha uzi

Hongera kwa kufika hapo. Tuanze na mvujo.

Ulikoki kabla ya kufunga mtungi? Kama nyundo imelala mbele, inaweza kuwa inaegemea ncha ya vali na kuifungua kidogo, gesi inapita moja kwa moja kwenda mtutuni. Iwe desturi yako: pampu kwanza nyundo ikamatwe, ndipo ufungue mtungi. Kama bado inavuja hata ikiwa imekokiwa, basi sili ya vali imechakaa au ina uchafu. Hiyo ni ya kubadilisha, haina gharama kubwa. Mvujo wa mbele kabisa ni kizibo nilichokisema mwanzo. Ukitokea kwenye mshiko, angalia oringi ya mahali mtungi unapofungwa.

Kasi inayoruka ni habari nyingine, na usiishughulikie kwa kubana springi peke yake. Kinachotakiwa ni uwiano kati ya nguvu ya nyundo na presha inayoingia. Presha ikiwa ndogo, vali inafunguka vizuri lakini hakuna hewa ya kutosha. Presha ikiwa kubwa mno, hewa yenyewe inaizuia nyundo kufungua vali, na kasi inashuka badala ya kupanda. Katikati kuna kilele, na hapo ndipo bunduki inapotulia.

Namna ya kukitafuta: legeza springi kuu iwe nyepesi, kwa sababu sasa ni mkono wako unaoikoki, si pistoni, na springi nzito itakuchosha bure. Anza na presha ndogo kwenye regyuleta kubwa ya hewa. Fyatua mbele ya kipima kasi mara chache, andika. Panda presha kidogo, fyatua, andika. Kasi itapanda, itapanda, halafu utafika mahali unaongeza presha na kasi inashuka. Rudi nyuma pale ilipokuwa juu kabisa. Hapo acha presha, usiiguse tena. Sasa tumia skrubu ya nyuma inayobana springi kuu kushusha au kupandisha kasi mpaka ifike kikomo cha kiwanja chako. Viwanja vingi huku haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, na vingi vinataka 280.

Jambo moja la lazima: kama unatumia CO2, badilisha uwe na mtungi wa hewa. CO2 ikipoa inapoteza presha, na ikiingia kwenye vali ikiwa maji maji kasi inaruka juu bila onyo. Pampu inaweza kutumia CO2, vitungi vya gramu 12 vimeishi nayo miaka yote, lakini ukitafuta kasi iliyotulia, hewa ndiyo jibu. Na angalia tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye mtungi. Huku mtungi wa kawaida unapimwa upya kila miaka 5, na ile ya nyuzi za kaboni ukomo wake ni miaka 15. Mtumba mwingi unauzwa na mtungi uliokwisha muda, na hakuna duka makini litakaloujaza.

#12 · Mchangiaji, Texas

Nikazie hapo kwa mkuu: ukishabadilisha springi au presha, pima kasi tena, hata kama jana ulipima. Usiingie uwanjani kwa kukadiria. Na chombo cha kufunika mtutu kikae mpaka refa aseme.

#13 · Mchangiaji, Ohio

Nilikuwa sijakoki! Mvujo umeisha. Nimefuata habari ya kilele na nilishangaa, kweli kasi ilishuka nilipoongeza presha. Sasa inakaa kati ya 274 na 281. Swali la mwisho: hopa yangu ni ile ya umeme ya kutikisa vidonge. Niiache au?

#14 · Mwanzisha uzi

Iondoe, ni uzito wa bure na kelele. Kwenye pampu kidonge kina muda wote wa kushuka. Weka hopa ndogo ya vidonge 50, isiyo na betri, itatosha.

Unachotakiwa kukizoea ni kupampu kikamilifu. Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho. Ukivuta nusu, komeo linakatia kidonge katikati na chumba kinajaa rangi. Ukipampu mara mbili bila kufyatua, umeingiza vidonge viwili, kimoja nyuma ya kingine, na ukifyatua vyote vinapasuka mtutuni. Ukiwa na shaka kama ulishapampu, usipampu tena. Elekeza mtutu ardhini ufyatue, kisha uanze upya. Beba kitambaa cha kuvutia rangi kwenye mtutu mfukoni, na kila baada ya mchezo vuta mara mbili.

Ukicheza Jumamosi, tuandikie hapa kasi ilikuwaje ukianza na ukimaliza. Kama imeshuka sana kati ya mchezo wa kwanza na wa mwisho, tutaangalia regyuleta yako.

#15 · Mchangiaji, Nairobi

Sisi tumejaribu ile raundi ya vidonge 10 na kugusa bega. Mwenye kiwanja alikuja kutazama, akauliza tunafanya nini, sasa anataka kuipanga iwe ya kila mwezi. Na amesema ataniambia utaratibu aliopitia kuingiza bunduki zake. Nikipata majibu ya forodha nitayaweka hapa kwa faida ya wengine.